Hila ya Ndovu na Hila ya Kamari

Neno hila, kwetu sisi watu wa pwani, si neno la kumpa mtu sifa. Mwenye hila ni muuza duka akupunjaye kwenye mizani huku akikuuliza hali za wazee nyumbani. Ni sungura wa hadithi za bibi zetu. Ni mposaji aliyeazima kanzu. Lakini neno hili tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko lilikotoka lina uso mwingine. Yapata mwaka 850, katika mji wa Baghdad, ndugu watatu, Muhammad, Ahmad na al-Hasan, wana wa Musa bin Shakir, walitunga kitabu wakakiita Kitab al-Hiyal, yaani Kitabu cha Hila. Msomaji akidhani ni kitabu cha matapeli atakuwa amewaonea. Ndani yake mna vyombo vipatavyo mia moja: miongoni mwavyo chemchemi zinazojibadilisha umbo la maji yake, na taa inayojisukuma utambi wake. Hila kwa ndugu wale ni werevu wa fundi.

Nyuso hizo mbili za neno moja zimenishughulisha tangu mashine za sarafu zilipoingia katika maduka ya Malindi na Kilifi, kwani mashine ya sarafu nayo ina nyuso mbili. Iko ile ambayo mtu hutia sarafu, vitu vidogo vidogo ndani ya kioo vikaamka, vikapiga ngoma, vikafungua milango, vikamwonyesha kisa kizima, kisha vikalala. Naye akaenda zake amecheka. Na iko ile ambayo mtu hutia sarafu akabaki kungoja. Watoto wetu wameijua hii ya pili tu, na wengi wao hudhani ndiyo asili ya mambo. Siyo.

MAJI YA ISKANDARIA

Mashine ya sarafu ya zamani kabisa tunayoijua kwa maandishi haikuonyesha tamasha wala haikuchezesha kamari. Iliuza maji ya kunawa. Aliyeieleza ni Heron, bingwa wa hisabati na mitambo aliyeishi Iskandaria ya Misri katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa. Chombo chenyewe kilikuwa cha kuwekwa hekaluni. Mwenye kuja kuabudu alitia sarafu ya drakma tano katika tundu la juu. Huko ndani sarafu iliangukia kisahani kilichofungwa kwenye ncha ya wenzo, mfano wa mizani ya sonara. Ncha ile ikashuka kwa uzito, ncha ya pili ikapanda ikivuta kizibo, na maji yakatoka. Kisahani kilipozidi kuinama, sarafu iliteleza ikaanguka, wenzo ukarudi mahali pake, kizibo kikaziba. Basi. Hapana kamani, hapana umeme, hapana mtu wa kusimama mlangoni kuhesabu. Tajiri na maskini walipata kadiri moja.

Sisi Waislamu maji ya kutawadha hatuyauzi. Nenda Gede ukautazame msikiti mkubwa katika yale magofu: kisima kipo na birika la udhu lipo, na hutaona pa kutia sarafu. Hata hivyo kazi ya akili ni kazi ya akili, na wasomi wa dola ya Kiislamu hawakuitupa elimu ya Heron kwa kuwa ilihudumia hekalu. Kitabu chake kimoja, kile kinachohusu namna ya kuinua mizigo mizito, kimetufikia kikiwa kamili kwa lugha ya Kiarabu tu. Aliyekitafsiri ni Qusta bin Luqa wa Baalbek, naye alikuwa Mkristo. Asili yake ya Kigiriki imepotea, vimebaki vipande.

Lakini fundi aliyewapita wote, kwa maoni yangu, ni Ismail bin al-Razzaz al-Jazari. Huyu aliwatumikia wafalme wa Kiartuki huko Diyar Bakr, nchi ambayo leo imo Uturuki, na kitabu chake kilikamilika mwaka 1206, sawa na mwaka 602 wa Hijra. Ndani yake ameeleza mitambo 50: saa, vyombo vya kunawia, chemchemi, pampu za kuteka maji, hata makufuli. Kinachonifurahisha mimi si wingi wake. Ni kwamba hakuficha. Kila mtambo ameutolea vipimo, ametaja shaba ikatwe vipi, kizibo kisuguliwe vipi hata kisivuje, na kipi kiungwe kwanza na kipi baadaye. Mafundi wetu wengi hufa na siri zao. Al-Jazari aliandika ili mtu asiyemjua aweze kutengeneza, na Mwingereza Donald Hill alipokitoa kitabu hicho kwa Kiingereza mwaka 1974, wako watu waliokwenda karakanani wakafuata maagizo yake, na mitambo ikaenda.

Mmoja katika hiyo 50 ni chombo cha udhu. Yasemekana mfalme wake hakupenda mtumishi wala kijakazi ammiminie maji mikononi anapotawadha, akamtaka fundi amfikirie njia. Fundi akatengeneza sanamu ya kijana aliyeshika birika: maji yanatoka yenyewe, yanakatika yenyewe, kisha kijana anamnyooshea mfalme kitambaa.

NDOVU WA DUBAI

Mtambo wake uliojulikana zaidi ni saa ya ndovu. Mimi sikuisoma kwanza. Niliiona kwa macho. Wapwani wengi wamefika Dubai kutafuta riziki au kuwazuru ndugu, na aliyefika hakosi kupelekwa kwenye jengo la maduka liitwalo Ibn Battuta, lililofunguliwa mwaka 2005 kwa jina la yule msafiri wa Tanja aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Humo, katika ukumbi uliopambwa Kihindi, amesimama ndovu wa al-Jazari, amejengwa upya. Watu hupita na mifuko yao ya bidhaa, wakapiga picha, wakaenda. Mimi nilikaa pale hadi aliyenichukua akaudhika.

Siri yote imo tumboni. Mna tangi la maji, na juu ya maji laelea bakuli lenye tundu dogo chini yake. Maji huingia kidogo kidogo, na kwa kipimo cha al-Jazari bakuli hujaa na kuzama kila baada ya nusu saa. Likizama huvuta uzi, uzi hufungua njia huko juu, tufe la chuma likaanguka, ndege akazunguka, tufe likaingia kinywani mwa joka, joka akainama kwa uzito wake, akalitema chini, na kule kuinama kwake kukalivuta bakuli juu ya maji lianze tena. Mpanda ndovu naye akapiga kwa mkono wake. Ndovu ametoka Bara Hindi, majoka yana sura ya Kichina, na elimu ya maji ni ya Wagiriki. Ni mchanganyiko ambao mtu wa Malindi anaufahamu bila kufundishwa, maana ukitazama sahani za kale zilizochimbuliwa Gede utakuta dunia hiyo hiyo.

Najua wako watakaoniuliza: je, hizi si sanamu? Suala hili si dogo na mimi si mwanachuoni. Nitasema tu kwamba vitu vya kuchezea watoto vina mlango wake katika fikihi, na hadithi ya Bibi Aisha na farasi wake wa kuchezea mwenye mbawa ni maarufu. Mwenye kutaka zaidi amuulize shehe wake. Al-Jazari alikuwa na mfalme wa kumridhisha. Fundi wa leo aweza kutumia jahazi, gurudumu na mnazi, asimguse kiumbe mwenye roho.

Sasa, ndovu yule hakuwa akitiwa sarafu. Mlipaji alikuwa mfalme. Ilichukua zaidi ya miaka 600 kabla ya tamasha la namna hii kufunguliwa kwa mtu wa kawaida mwenye senti moja mfukoni, na hilo lilitendeka Uingereza.

PENI MOJA, KISA KIMOJA

Katika miaka ya 1870 mtu mmoja wa mji wa Leeds, jina lake John Dennison, alianza kutengeneza makabati ya kioo yenye watu wadogo wa mbao ndani. Ukitia peni, uzito wake hufungulia kamani, magurudumu ya meno huzunguka, na kisa huchezwa kwa muda usiofika dakika moja. Dennison alizunguka na makabati yake kwenye maonyesho, kisha yakapata makao katika Mnara wa Blackpool, mji wa pwani wanakokwenda wafanyakazi wa viwandani kupumzika. Binti zake walijifunza kazi hiyo, na baada ya baba kufariki waliiendeleza. Nimelitaja hilo kwa makusudi: kuchonga vichwa vidogo, kushona nguo za kadiri ya kidole na kutia mafuta magurudumu ni kazi iliyofanywa na wanawake wale kwa miaka mingi, na ni aibu kuwa wanaoandika juu ya mitambo huwataja kwa mstari mmoja tu. Nami, naona, nimewapa miwili.

Visa vyenyewe, kusema kweli, vingi vilikuwa vya kutisha. Makaburi yanafunguka, mifupa inachungulia, bahili anaona vivuli usiku. Kilichopendwa sana ni kabati la gereza: milango inafunguka, mhukumiwa amesimama kitanzini, kasisi anatikisa kichwa, kisha sakafu inafunguka. Watu walikwenda pwani kupunga upepo, wakalipa peni wamwone mtu akinyongwa. Kila kabila lina yake.

Peni ile ilikuwa sarafu kubwa ya shaba, 240 katika pauni moja. Tarehe 15 Februari 1971 Waingereza walibadilisha fedha zao, peni mpya zikawa ndogo, na matundu ya mashine zile hayakuzikubali. Nyingi zilitupwa. Zilizosalimika zimo katika majumba ya makumbusho na kwa watu wanaozikusanya, na pengine mgeni hupewa peni za zamani apate kuziamsha. Ufundi haukufa lakini. Mwaka 2015 mhandisi Tim Hunkin alifungua London ukumbi mzima wa mashine za sarafu alizozibuni na kuzijenga yeye na wenzake, nazo huwacheka wakubwa wa serikali na wa benki.

Nasi tulikuwa na sarafu za shaba. Wa rika langu wanazikumbuka senti kumi za Afrika Mashariki, zenye tundu katikati, tulizokuwa tukizitunga katika uzi siku ya Idi tukazivaa shingoni. Kenya ilipotoa sarafu zake mwaka 1966 tundu likazibwa, na shanga zetu zikaisha. Mashine za kamani hatukuwa nazo. Tulikuwa na pembea. Mwenye kukumbuka uwanja wa Makadara kule Mombasa wakati wa Idi anajua ninachosema: pembea za mbao zilizosukumwa kwa mikono, vijana wakitoka jasho, na mtoto anatoa sarafu yake, anapanda, anazungushwa, anashuka. Tulijua tunachonunua. Tuliona pembea kabla ya kutoa senti.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Ukiwauliza wenye fikihi, watakuambia kwamba malipo ya halali hutaka kilipiwacho kijulikane. Peni ya Blackpool ilinunua kisa kimoja. Sarafu ya Heron ilinunua maji ya kadiri moja. Mashine ikishindwa kutoa, mtu aligonga kabati akamwita mwenyewe, na haki ilikuwa yake.

MASHINE YA MCHINA

Mwishoni mwa karne ya 19, huko San Francisco, fundi mzaliwa wa Ujerumani aitwaye Charles Fey alibuni mashine yenye magurudumu matatu ya picha. Sarafu, kamani, magurudumu ya meno: vifaa ni vile vile vya Dennison. Tofauti ni moja. Mtu alikuwa halipii kitu. Alikuwa analipia huenda. Mashine za kamari zilizojaa duniani ni vizazi vya ile.

Kwetu zilifika katikati ya miaka ya 2010, visanduku vilivyotoka Uchina, vyenye taa zinazokimbia kuzunguka picha za matunda. Vijana wakaziita mashine za Mchina. Hazikwenda kwenye mahoteli ya watalii yenye kasino zake. Zilikwenda vijijini, kwenye maduka ya unga na mafuta ya taa, zikawekwa pembeni ya mizani. Katika barabara ya Mambrui niliingia duka moja nikamkuta kijana wa miaka kumi hivi amesimama mbele ya taa zile, mkononi chupa tupu ya mafuta. Nikamwuliza muuza duka, "Bwana, mtoto huyu katumwa nini?" Akanijibu bila kuinua macho, "Mafuta ya shilingi arubaini, mzee. Zimebaki ishirini." Akaendelea kupima sukari. Sarafu ya pili iliingia nikiwa nimesimama pale. Mtoto hakulia, alitazama tundu, kisha akaitazama chupa.

Wengi husema, "Lakini kuna wanaokula." Naam, wako, na hiyo ndiyo hila, kwa maana yetu ya pwani. Tuseme mashine hurudisha shilingi 80 katika kila 100; nimechagua hesabu hii kwa mfano tu. Mchezaji mwenye mia moja akizitia zote hupata, kwa wastani, 80. Akizitia hizo hupata 64. Akirudia mara kumi amebaki na shilingi kumi na kitu, na njiani amefurahi mara kadhaa kusikia sarafu zikimwagika. Haikumwibia hata mara moja. Ilimrudishia, ikamrudishia, hadi zikaisha. Aya ya 90 ya Suratul Maida imelitaja jambo hili pamoja na ulevi, na walimu wa madrasa za Malindi hawakuchoka kuisomesha. Lakini madrasa hufungwa adhuhuri, na duka liko wazi hadi usiku.

Sheria nayo ilikuwapo. Sheria ya kamari ya Kenya ya mwaka 1966 ilitaka leseni, na mtoto aliye chini ya miaka 18 hakuruhusiwa kucheza. Mwaka 2018, Fred Matiang'i akiwa waziri wa mambo ya ndani, serikali iliendesha msako, na mashine zilizonaswa zikateketezwa hadharani. Duka lile la barabara ya Mambrui liliondoa sanduku lake. Mwaka mmoja baadaye nilipita tena nikakuta vijana pale pale pembeni ya mizani, safari hii kila mmoja na simu yake. Kamari haikuhitaji tena hata sarafu.

Nisije nikafahamika kwamba nawalaumu Wachina. Mambrui hiyo hiyo, mwaka 2010, wataalamu wa Kenya na wa Uchina walichimbua sarafu ya shaba yenye tundu la pembe nne, ya utawala wa mfalme Yongle, aliyetawala hadi mwaka 1424. Ni zama ambazo Malindi ilimpelekea mfalme huyo twiga, akafika mwaka 1415. Twiga leo yuko juu ya shilingi yetu, katika sarafu mpya zilizotolewa mwezi wa Desemba 2018. Kifaru yuko kwenye shilingi tano, simba kwenye kumi, na ndovu kwenye ishirini. Aliyeweka mashine dukani alikuwa mtu wa hapa, anayejua jina la kila mtoto aliyeingia.

KIFUU NA MSUMARI

Huku kwetu mikono haikupungukiwa. Mtoto wa Kilifi hutengeneza gari la waya lenye usukani unaogeuza magurudumu kwa kweli. Kititia cha makuti huzunguka kwa upepo bila kujua kwamba ni mtambo. Ngalawa za watoto hushindanishwa ufukoni, na mwenye tanga bovu hujulikana mara moja. Yuko fundi mmoja wa Malindi, ambaye hataki kuandikwa jina, anayechonga majahazi madogo ya kuuzia watalii. Watalii wakipungua, kama ilivyotokea wakati wa korona, hukaa na majahazi yake kibarazani. Nilimpelekea picha ya ndovu wa al-Jazari, na karatasi niliyochora wenzo wa Heron.

Ule wenzo aliutazama akacheka. "Huu si mtego wa panya, mzee?" Ni kweli, wafanana sana. Picha ya ndovu aliishika kwa muda mrefu zaidi. Akaniuliza bakuli lile lilikuwa la nini. Nikamwambia la shaba. Akaingia ndani akatoka na kifuu cha nazi.

Shauri lake ni hili. Badala ya ndovu, jahazi ndani ya kabati la kioo. Sarafu ya shilingi ishirini iangukie wenzo, wenzo ukiachie kifuu juu ya maji, kifuu kikizama kivute uzi, tanga lipande, nahodha wa mbao asiye na sura ageuze usukani, na ngoma ipigwe mara tatu. Juu ya kabati iandikwe kitakachoonekana, ili anayetoa sarafu ajue. Angependa iwe tayari kwa Idi.

Taabu yake ni tundu. Kifuu cha kwanza alikitoboa kwa msumari mwembamba, kikazama baada ya dakika saba, na mtoto wa Idi hangoji dakika saba. Cha pili kilizama upesi mno, uzi ukakatika. Nilipopita juzi alikuwa amekaa na kekee yake mbele ya beseni, vifuu vitano vikielea, saa ya mkononi ameivua na kuiweka juu ya kibao.